Mto Wenye Homa

Fundi cherehani alikuwa akijishonea mto wa kukalia. Keshokutwa alikuwa anakwenda mafungo ya kutafakari kwenye nyumba ya watawa wa Kibudha, na mtawa mkuu alimwambia kwa simu aje na nguo pana, blanketi na mto wake mwenyewe. Huko watu hawasemi hata neno.

"Wifi, unafunga safari kwenda kunyamaza," dada wa mumewe alimtania, "na hapa kwenu mnanyamaza bure?"

Kweli walikuwa wananyamaza. Binti yao waliyemwita Chiriku, kwa maneno yake yasiyokwisha, alifariki mwaka jana, na tangu hapo mume, dereva wa teksi, hakulitaja tena jina hilo. Hata mkewe aliacha kumwita Mama Chiriku. Alisema "wewe" tu. Fundi alitaka kulisikia jina kinywani mwa mumewe mara moja kabla ya kuondoka. Hakutaka zaidi.

Mto haukujaa. Alitia pamba, akatia vipande vyote vya vitambaa vilivyobaki kazini, ukameza na kubaki umelegea. Mwishowe alitia nguo za Chiriku, mpaka soksi. Hapo ukajaa, ukapata joto, ukaanza kupumua.

Wifi aliupakata. "Uzito wake uleule," alisema. "Ila ana homa." Akaenda kulowesha kitambaa.

Ilikuwa homa ileile iliyomuua Chiriku. Siku ile mama alipiga simu, akapiga tena, na baba akajibu kwamba homa za watoto huja na kupita. Akampeleka abiria kwanza. Msibani aliwaambia watu kwamba mama ndiye aliyechelewa kusema. Mama hakuwa na nguvu ya kubisha, na uongo ukaota mizizi. Ulimuuma karibu sawa na kifo chenyewe.

Jioni mto ulilia. Baba akaongeza sauti ya redio.

Siku ya safari aliwapeleka mwenyewe, mke na mto kiti cha nyuma. Kwenye kila tuta alipunguza mwendo, kama mtu aliyebeba mgonjwa, na mke akaanza kutumaini.

Langoni mtawa mkuu, bibi mwenye upara na vazi la kahawia, aliugusa mto kwa kiganja. "Bado anachemka," alisema. "Mlete ndani, kuna ubaridi." Kisha akamgeukia dereva. "Baba, hutampakata kidogo? Wakiingia, hakuna kuongea tena."

Dereva alishuka, akanyoosha mikono. Mto ukatulia.

"Gari nimeliegesha vibaya," alisema, akairudisha mikono.

"Mwite tu jina lake," mke alisema. "Mara moja."

"Wewe, utachelewa."

Teksi iliondoka. Mto ulilia mpaka gari lilipopinda kona, kisha mama akaulaza begani, akavua viatu, akaingia ndani.