Mama Aliyesimamisha Wimbo

Ile video ya bendi ya vijana ilimfikia Awuor mara sita. Alikuwa soko la Kibuye, Jumamosi, watu wamejaa, amepanga sweta za watoto juu ya turubai, na kila alipofungua simu alikuta mtu mwingine amemtumia. "Mama Dalmas, umewaona vijana?" Akawaona. Aliona vidole vya Laban, mtoto wa jirani yake Bridget, vikikimbia juu ya kinanda dakika mbili nzima, huku na huku kama vifaranga walioona mwewe. Akatazama mpaka mwisho. Mtoto wake mwenyewe, Dalmas, aliyeianzisha hiyo bendi, alionekana kiwiko tu.

Kiwiko! Akairudia video tangu mwanzo, akihesabu. Kiwiko mara nne, na sikio mara moja.

"Kumbe una msanii nyumbani," alisema mteja mmoja akichungulia simu. "Huyu wa kinanda ndiye wako?"

Awuor akaizima simu. "Sweta unachukua ama huchukui?"

Wivu wa mke kwa mke mwenzake watu wanaujua, na wanaucheka. Wivu wa mama kwa ajili ya mtoto wake ni mgumu kuutambua, maana unatembea umevaa nguo za upendo. Ukikutana nao njiani utausalimia na kuuliza habari za nyumbani. Awuor mwenyewe aliuita uchungu wa mzazi, akaulea.

Yeye na Bridget walikaa Kaloleni, katika zile nyumba za zamani za manispaa, ukuta mmoja kati yao. Bridget alipokuja kutoka Bungoma, Awuor ndiye aliyemwonyesha pa kuchota maji na pa kununua makaa. Watoto wao walikua pamoja. Walijifunza muziki katika kanisa lile lile, Dalmas kwenye gitaa, Laban kwenye kinanda. Halafu Dalmas akaenda kusoma Maseno, na huko akaambukizwa muziki mpya na mwanafunzi mwenzake. Progressive rock, ndivyo walivyouita. Wimbo mmoja unaweza kuwa mrefu kama mahubiri. Unaanza pole, unageuka, unakasirika, unalia, na hauhesabiwi kama nyimbo za watu.

"Kanisani tunahesabu nne, mama, au tatu," Dalmas alimweleza. "Hapa tunahesabu saba. Hebu piga makofi."

Awuor alipiga. Kila mara mkono wake mmoja ulibaki hewani, hauna pa kwenda. Wakacheka mpaka machozi. Siku hizo bado walikuwa wakicheka pamoja.

Kwenye mlango wa chumba chake Dalmas aliandika kwa chaki bendi muhimu za muziki huo za siku hizi, moja juu ya nyingine kama msimamo wa ligi. Kila Jumapili baada ya ibada Laban alikuja, na mpiga ngoma wao Owiti alikuja, wakala ugali wa Awuor na kubishana.

"Opeth ni nambari moja," Dalmas alisema. "Wanaanza kwa kunguruma kama simba, kisha wanakuimbia kama malaika, na wimbo ni ule ule."

"Zii! Porcupine Tree," Laban alisema. "Hao ndio waliowafungulia wengine njia."

"Nyinyi wote wagonjwa," alisema Owiti, mdomo umejaa omena. "Bila ngoma za Tool mngekuwa bado mnahesabu moja, mbili kama watoto wa nasari."

"Na Riverside mnawasahau," Laban akaongeza.

"Hao nao ni wa wapi?" Awuor aliuliza.

"Poland, mama."

"Yawa! Hata Poland kuna gitaa?"

Wakaangua kicheko. Kisha Laban akainuka, akachukua chaki, akaandika Porcupine Tree juu kabisa, kumpita Opeth. Dalmas akasema, "Sawa bwana, leo umeshinda," akaendelea kula.

Awuor hakumjua Opeth wala huyo mwingine. Alichokijua ni mwandiko. Mwandiko wa mtoto wa Bridget ulikuwa juu, wa mtoto wake chini. Walipotoka kwenda mazoezini, alilowesha kitambaa cha vyombo akaufuta. Dalmas aliporudi alimshuku Owiti, wakataniana, yakaisha. Lakini Awuor alijua mkono wake umefanya nini, na hakuona haya. Aliona nafuu, kama mtu aliyejikuna.

Bendi yao waliiita Lolwe Saba, yaani ziwa letu na ile hesabu yao. Mwaka ulipokuwa ukielekea ukingoni wakapata habari njema: mwanamke anayeitwa Elsie, mwandaaji wa tamasha kubwa la muziki Nairobi, angekuja Kisumu kusikiliza bendi tatu na kuchagua moja. Wangepiga katika ukumbi wa mtaa, Jumapili alasiri, kila bendi wimbo mmoja tu. Lolwe Saba wangepiga ule wa Dalmas wa dakika kumi na nane, alioutunga kwa miezi minane, uitwao "Maji Yamerudi."

Hapo Awuor akakosa raha kabisa. Kama Elsie angewachukua, dunia ingeona nani? Vidole au kiwiko?

Jumamosi jioni, kabla ya kuwasha jiko, Dalmas alikaa naye mezani. Macho yake yalikuwa yanang'aa kama ya mtoto aliyepita mtihani.

"Mama, nataka nikuambie kitu kuhusu huo wimbo, ili kesho usishtuke. Ni nyumba ya dani, mamako, kule Nyakach. Ule mwaka ziwa lilipofurika likaingia mpaka dirishani. Laban anapiga yale maji yakija, mbio mbio. Halafu tunanyamaza. Ukumbi wote kimya. Saba, tena saba, tena saba, tena saba, hakuna sauti. Hapo ndipo dani amesimama mlangoni anaitazama nyumba yake. Kisha naingia mimi na gitaa peke yangu. Hicho kimya ndicho kigumu kuliko vyote, na nimekitunga mimi. Nimekiweka kwa ajili ya mamako. Umenisikia?"

"Mm," alisema Awuor.

Hakusikia. Simu ilikuwa mkononi, na kwenye simu Bridget alikuwa ameweka picha mpya: wigi jipya, midomo imepakwa rangi, na chini ameandika, Mama wa msanii, kesho ni kesho. Awuor alikuwa akilipima lile wigi unywele kwa unywele.

"Ni sawa, baba," akasema, bila kuinua macho. "Utapiga vizuri."

Kesho yake ukumbi ulijaa. Elsie, mwanamke mfupi mwenye miwani, aliketi mstari wa mbele na daftari dogo. Bridget alimwekea Awuor kiti karibu naye, akamshika mkono.

"Mama Dalmas, leo ni leo. Watoto wetu hao!"

Wetu, Awuor akawaza. Tangu lini wawe wetu?

Bendi mbili za kwanza zilipiga, zikapigiwa makofi ya kawaida. Kisha Lolwe Saba wakaanza. Hata Awuor, pamoja na moyo wake uliofura, alisikia kwamba jambo linatokea. Gitaa la Dalmas lilianza chini chini, Owiti akigusa ngoma kama mvua ya mbali juu ya mabati. Watu waliacha kuzungumza. Halafu kinanda kikaja. Laban aliinama, na yale maji yakaingia, yakapanda, yakazunguka ukumbi, vidole havionekani kwa kasi, na watu wakainuka kwenye viti. Mtu akapiga kigelegele. Bridget akaruka juu.

"Huyo ni wangu!" akapaza sauti. "Jameni, huyo ni wangu!"

Elsie akageuka kumtazama, akatabasamu, akaandika kitu kwenye daftari.

Awuor aliliona lile neno likiandikwa kama aliyeandikiwa kifo. Na papo hapo muziki ukakatika.

Kimya.

Owiti alikuwa ameyashika matoazi kwa viganja yasilie. Laban ameondoa mikono kwenye kinanda. Dalmas alisimama katikati, kichwa chini, midomo ikicheza polepole. Alikuwa akihesabu. Lakini mama yake aliona kijana aliyeshindwa, ameinamisha kichwa mbele ya watu kwa kuwa mwenzake amemaliza sifa zote.

Sasa, kwa wasiotoka huku ziwani: muziki wetu wa ohangla na wa benga husimamishwa. Mtu huinuka, huweka chochote alicho nacho, hushika kipaza sauti akajisifu yeye au mtu wake, na mpigaji hungoja. Tunaita pakruok. Hakuna anayekasirika, maana mpigaji asiyesimamishwa ni mpigaji asiyependwa. Babake Awuor aliwahi kusimamisha ngoma mara tatu kwenye arusi moja kumsifu ng'ombe. Kwa hiyo Awuor hakuona kama anavunja kitu. Aliona nafasi.

Aliinuka. Bridget akamvuta gauni, "Mama Dalmas, wapi?" Awuor akautoa mkono ule. Akapita mbele ya Elsie, akatupa noti juu ya spika, akakitoa kipaza sauti kwenye stendi yake.

"Mimi ni Awuor, nyar Nyakach, binti wa huko!" Sauti ilijaa ukumbi. "Mama wa Dalmas! Dalmas mwenye gitaa, kichwa cha bendi! Bila Dalmas hakuna bendi, kuna kelele! Wengine wanakimbiza vidole, mwanangu anakimbiza akili! Mkiuliza nani aliwafundisha kuhesabu, ulizeni mlangoni kwa Awuor!"

Ukumbi ulilipuka. Hii ni Kisumu, na sifa nzuri haiachwi ipite. Vigelegele, vicheko, miguu ikigonga sakafu. Mzee mmoja wa nyuma akaja mbio kumsifu shemeji yake wa Ahero. Mwanamke mwingine akataka kusifu chama chao cha akina mama. Awuor alirudisha kipaza sauti, akamgeukia mwanawe akingoja aone meno yake.

Dalmas alikuwa amemkodolea macho. Midomo yake ilikuwa imeacha kucheza.

Akagusa nyuzi, akaacha. Akagusa tena. Kelele haikumpa pa kuingilia. Owiti, kwa kuchanganyikiwa, akaanza kupiga nne, nne ile ya arusini, na watu wakaipokea kwa mabega. Laban alimtazama Dalmas, akamtazama tena, akangoja. Alipoona rafiki yake amesimama tu, akaingia na kinanda taratibu, akaukusanya ule mvurugo, akaupa njia, akauongoza mpaka mwisho. Watu walicheza. Ilikuwa furaha tupu. Wimbo wa nyumba ya dani uliishia kuchezwa kama wa arusi.

Baadaye Elsie akaja jukwaani, Awuor akiwa karibu kiasi cha kusikia.

"Mwanzo ulinishika kweli," alimwambia Dalmas. "Lakini katikati mlinipotea. Sikuelewa mlikuwa mnaelekea wapi." Akamgeukia Laban. "Wewe ndiye uliyeuokoa. Kuna bendi Nairobi inatafuta mtu wa kinanda. Utakuja tuzungumze?"

"Lakini wimbo ni wa Dalmas," Laban alisema haraka. "Pale katikati palikuwa na—"

"Wacha, Laban," alisema Dalmas. "Nenda."

Ukumbi ulipobaki mtupu, alikuwa amechuchumaa akikunja nyaya za spika. Awuor alisimama juu yake.

"Si nilikusifu? Kwa nini uliacha kupiga?"

"Mama, nilikuambia."

"Uliniambia nini?"

"Jana. Mezani." Hakuinua sauti. Afadhali angeiinua. "Nilikuambia kuhusu kile kimya. Nilikuambia ni cha dani."

Awuor akatafuta kichwani mwake. Alitafuta kwa bidii, kama mtu anayepekua gunia la nguo mpaka chini. Alikuta meza, alikuta jioni, alikuta wigi la Bridget. Maneno ya mwanawe hayakuwemo.

Laban alikwenda Nairobi kabla ya Krismasi. Dalmas hakugombana na mama yake, na watu wakasema ana malezi mazuri. Alichukua gitaa na nguo zake, akapanga chumba Maseno karibu na chuo. Kila Jumapili alipiga simu. Mama, umeamkaje? Mgongo vipi? Soko vipi? Dalmas naye alijibu kila alichoulizwa. Alipoulizwa kuhusu muziki alisema, "Tunaendelea tu, mama," na baada ya hapo ilikuwa kwaheri.

Mwezi wa tatu, siku ya Jumatatu, Bridget alipita Kibuye na kikapu chake, akasimama mbele ya zile sweta.

"Mama Dalmas, mbona hukuja Sondu? Nilikuwekea kiti."

"Sondu kuna nini?"

Bridget akahamishia kikapu mkono wa pili. "Si vijana walipiga Jumamosi. Laban alishuka kutoka Nairobi kumsaidia Dalmas. Nilidhani... Mimi nilikwenda kwa dada yangu, ndiyo nikapitia hapo."

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Nilikuwa na homa. Soko lilinibana. Nilijua, ni vile tu sikupata nafasi. Awuor aliikunja sweta moja, akaikunjua, akaikunja tena.

"Hakuniambia," alisema.

Bridget aliweka kikapu chini.

"Alikuwaje?" Awuor aliuliza.

"Alivaa lile shati la buluu. Amekonda."

"Amekonda sana?"

"Kidogo tu. Ndevu ameziacha."

"Ndevu! Na alipiga?"

"Aki alipiga, Mama Dalmas. Watu walilia."

Awuor akalisukuma gunia la nguo pembeni, akapiga vumbi juu yake kwa kiganja ili jirani yake apate pa kukaa.

"Kaa," alisema. "Niambie tangu alipoingia. Usiruke kitu."

Bridget akakaa, akaanza. Na Awuor akasikiliza habari za mtoto wake, akiinamisha sikio na kuuliza haya na yale, kama mgeni anayeulizia nyumba ya watu.