Bega la Dada

Alhamisi, saa tatu asubuhi, msusi alimkalisha mteja wake wa kwanza kwenye kiti. Kwa miaka sita wateja wake walikaa sakafuni, kwani ugonjwa wa kudhoofika misuli ulikuwa umeyala mabega yake. Sasa mkono wa kulia ulipanda. Daktari alikuwa amelishikiza kwa waya kwenye mbavu kombe la bega, ule mfupa uliokuwa ukichomoza mgongoni kama bawa.

Mteja mwenyewe alikuwa dada yake, aliyezikwa mwaka juzi.

"Nisuke mistari," dada alisema. "Usikaze sana."

Walirithi ugonjwa mmoja kutoka kwa baba yao. Dada ndiye aliyetangulia kujiandikisha. Alisubiri operesheni miaka tisa, kisha nimonia ikamchukua. Barua ya kumwita ilifika wiki tatu baada ya mazishi. Msusi aliitia kwenye mkoba, akaenda nayo hospitali. Pale mapokezi hawakutazama uso, walitazama bega.

"Barua yangu ilikuja?"

Vidole vya msusi vikasimama katikati ya msuko. "Ilikuja, dada."

"Nilijua tu. Basi ukimaliza, nisindikize."

Msusi alifunga saluni, wakaenda kwa miguu, dada akiacha udongo kidogo njiani. Karani wa hospitali alifungua faili, akalamba kidole, akafunua kurasa.

"Huyu ameshafanyiwa. Bega la kulia."

"Aliyefanyiwa ni mimi," alisema msusi. Hakuwahi kumwambia mtu.

Karani alitafuta jina lake. "Wewe bado. Ni wa mia mbili na kumi."

"Na yeye je? Si mnamwona alivyo?"

"Namwona, mama. Lakini hatumfanyii mtu bega moja mara mbili. Marehemu wanasubiri benchi za nyuma."

Benchi za nyuma zilikuwa zimejaa. Kila mmoja alishika kadi yake, mabega yamechomoza chini ya sanda. Mwanamke mmoja alisogea, dada akapata pa kukaa.

"Nisamehe," msusi alisema.

"Rudi kazini, mdogo wangu. Wateja wataondoka."

Msusi alimfungia msuko uliokuwa umelegea, akaondoka. Mlangoni aligeuka, akampungia kwa mkono wa kulia, juu kabisa. Dada alitabasamu. Mikono yake ilibaki mapajani.