Damu ya Fundi

Fundi cherehani alikuwa mgonjwa upande mmoja wa barabara na mzima upande wa pili. Hospitali ilimpima kreatinini, ile taka ya damuni ambayo figo hutakiwa kuichuja, ikamwambia figo zake zimechoka. Akavuka kwenda kliniki asubuhi ileile, akaambiwa ana figo za kijana.

"Sasa nirudi nyumbani na figo zipi?" alimuuliza mkuu wa maabara ya kliniki.

Mama yule aliona aibu. Akampigia mwenzake wa hospitali, wakabishana mpaka chai ikapoa, kila mmoja akiitetea mashine yake. Mwishowe walikubaliana kwamba mashine zote mbili zinahitaji damu moja ya kulinganishia, yenye jibu linalojulikana. Damu hiyo huja kwenye chupa. Ilishaagizwa nje ila ilikuwa haijafika. Ya fundi ilikuwepo, imekaa kwenye benchi pamoja na mwenyewe.

Basi wakaamua, kwa nia njema kabisa, kwamba kreatinini ya fundi ni moja kamili. Kila asubuhi angetolewa damu, na mashine zote mbili zingerekebishwa mpaka zisome moja.

Majibu ya pande zote yakaanza kufanana. Fundi akavimba kichwa. Majirani wakamwita Bwana Kipimo. Mkewe akaagizwa asimpe nyama, asimwache abebe mizigo, wala asimuudhi.

"La kumuudhi siahidi," mke alisema. "Hayo mengine nitajitahidi."

Lakini maharage yalimkinaisha. Jumapili moja mkewe alipokuwa kwa mgonjwa, fundi alipika nyama akala akashiba, na asubuhi akamalizia kiporo kabla ya kwenda kutolewa damu.

Nyama ikaipandisha kreatinini yake. Mashine hazikujua, zilikwisha kuambiwa kwamba huyu ni moja, zikarekebishwa mpaka zikamsoma moja, na majibu ya watu wengine wote yakashuka. Mji mzima ukapona kabla ya saa sita. Daktari wa figo alipita wodini akipeana mikono na wagonjwa na kuwaruhusu waende zao.

Mmoja wao alikuwa kaka wa mke wa fundi, dereva wa lori, ambaye figo zake zilikuwa mbovu kweli. Aliingia sebuleni kwa fundi miguu imevimba, viatu kavishika mkononi.

"Nimepona, shemeji," alisema, akijishusha kitini polepole. "Ila nilipokuwa naumwa nilijisikia vizuri zaidi."

Mke aliitazama miguu ya kaka yake, kisha akamgeukia mumewe.

"Umekula nini wewe?"

"Nyama."

"Kiasi gani?"

Fundi alitazama sakafu. "Sufuria."

Walimrudisha shemeji hospitali kwa teksi. Daktari alidhani fundi anatania, akaanza kumweleza kwamba kitoweo cha mtu mmoja hakiwezi kutibu wodi nzima. Mkuu wa maabara wa hospitali, aliyekuwa mlangoni, hakucheka. Alikwenda akazima mashine. Jioni ile manesi walipiga simu kila nyumba, wakiwaomba radhi watu na kuwarudisha vitandani.

Chupa ilipofika, mashine zikarekebishwa upya, na damu ya fundi ikapata jibu moja kote: figo zimechoka kidogo, apunguze chumvi. Alilipokea kama aliyefukuzwa kazi. Shemeji alilazwa mpaka uvimbe ukapungua, akiwasimulia wenzake kwamba aliwahi kupona nusu siku.

Fundi akafungua tena duka lake la ushonaji. Asubuhi ya kwanza alikunja mkono wa shati, akanyoosha mkono juu ya meza, akangoja. Halafu akaukunjua mkono wa shati, akavuta kitambaa.