Zaidi ya Nusu

Kila mwaka karatasi ya mshahara ikishafika, mimi hukaa jikoni na kompyuta nikapiga hesabu ya kodi yangu kabla sijajaza fomu yoyote. Wenzangu kazini husubiri waambiwe. Mimi siwezi. Serikali kuu imenikata mshahara mwaka mzima bila kuniuliza, angalau nijue mapema itanirudishia ngapi. Kipo kikokotoo mtandaoni: unakipa mshahara wako, ulichokatwa na watu unaowatunza, nacho kinakutolea jibu. Mwaka huu niliweka dola elfu arobaini na moja ninazolipwa kwa kupanga zamu za mabasi ya shule hapa mjini Wausau, nikaweka nilichokatwa, nikamweka na Mama. Jibu likaja: nitarudishiwa dola elfu moja mia nne tisini na tisa.

Nilicheka peke yangu kama mwehu. Novemba iliyopita Mama, ambaye ana miaka themanini na mmoja, aliteleza akivuka ukingo wa beseni la kuogea. Daktari akaniambia waziwazi kwamba akianguka tena harudi nyumbani, ataenda kwenye makao ya wazee. Tangu siku hiyo namwingiza na kumtoa mimi mwenyewe, na mgongo wangu umeanza kunisema. Fundi bomba alikuwa tayari kulivunja beseni na kuweka bomba la mvua, sakafu sawasawa, mtu aingie kwa miguu yake. Alitaka elfu moja na mia nne za kuanzia kabla ya tarehe kumi Machi, zilizobaki nilipe kidogo kidogo. Kwa hiyo hesabu ilikuwa imekaa vizuri kabisa, hadi na chenji.

Nikajaza fomu, nikaituma. Kesho yake asubuhi ikarudishwa. Mtu uliyemwandika kuwa mtegemezi wako, walisema, ameshaandikwa na mwingine.

Mama ana watoto wawili tu. Mmoja ni mimi. Mwingine ni Dwight, anauza mabwawa ya kuogelea huko Phoenix, jangwani, na mara ya mwisho kukanyaga hapa ilikuwa kwenye mazishi ya Baba, miaka sita iliyopita. Nikampigia.

"Dwight, umemwandika Mama kwenye kodi yako?"

"Nzuri, dada, na wewe hujambo?"

"Umemwandika au hukumwandika?"

"Si nilimwomba namba yake ya kodi akanipa? Mtu mzima yule, Bobbie. Halafu na mimi namhudumia. Nani alimnunulia televisheni?"

"Ya mwaka juzi!"

"Kwani imeacha kuonyesha?"

"Umepata ngapi?"

"Mia tano. Mia tano tu, usinipigie kelele kama nimevunja benki."

Hapo ndipo niliposhikwa na hasira. Dwight ana mke, kwa hiyo Mama anampunguzia mia tano basi. Mimi sina mume. Kwangu Mama ananifanya nihesabiwe mkuu wa kaya, ambaye hutozwa kidogo, na kodi inashuka karibu elfu moja na mia tano. Amevunja mlango mzima ili aondoke na kitasa.

Nilimweleza. Akasema, "Basi nitakutumia nusu."

"Nusu ya mia tano?"

"Sasa unataka nini, damu?"

"Nataka urekebishe fomu yako."

"Nikiigusa, watu wa kodi wataichimba yote. Biashara haijakaa sawa mwaka huu, dada yangu. Tuache tu. Ngoja, mteja kaingia." Akakata.

Jumamosi nikaenda maktaba, ambako wazee wastaafu husaidia watu kujaza kodi bure. Nikamkuta Mwalimu Halvorsen, aliyenifundisha hesabu nikiwa na miaka kumi na mitatu na ambaye hadi leo ananitazama kana kwamba sijamaliza zoezi. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Unaweza kuituma kwa posta na jina la Mama humo humo," akasema. "Watu wa kodi watawaandikia nyote wawili mlete ushahidi. Mwenye haki ni aliyetoa zaidi ya nusu ya matumizi ya Mama ya mwaka. Televisheni haimfikishi Dwight popote. Chukua karatasi hii, ukae na Mama, mjaze kila kitu. Nani kalipa nini."

Nilitoka pale kichwa juu. Nilijiona nimeshashinda.

Jumapili tuliporudi kutoka kanisani nikamketisha Mama mezani jikoni, nikamwekea kahawa yake, nikamweleza alichofanya Dwight. Hakushtuka hata kidogo.

"Alinipigia ana shida. Ulitaka nimwambieje?"

"Aniulize mimi kwanza."

"Wewe huna shida, Bobbie. Wewe una kazi."

Nikaanza kujaza. Chakula chake, dawa, nepi za usiku, sehemu yake ya umeme na gesi: mimi, elfu saba na mia nne. Bima yake, simu, nywele kila Ijumaa: yeye mwenyewe, kwa pensheni yake, elfu mbili na mia tatu. Pensheni iliyobaki huitia kwenye kadi za siku ya kuzaliwa na kuzituma Phoenix, kwa watoto wa Dwight, lakini hilo halimo kwenye fomu. Nilikuwa mbele sana. Chini yake kulikuwa na sehemu ya makazi. Nikairuka.

Mama hasomi ukurasa mzima siku hizi, lakini akikuona unaficha kitu macho yake hupona.

"Mbona umeruka hapo?"

"Hapatuhusu hapo, Mama."

"Kumeandikwa nyumba. Nyumba hii ya nani?"

"Yako."

"Umekaa humu tangu baba yako afe. Umewahi kunilipa pango?"

"Nimelipia paa. Nimelipia tanuri la joto. Niliacha nyumba yangu ya kupanga nije kukutunza..."

"Nimekuuliza pango."

"Hapana."

"Basi andika." Akanisogezea kalamu.

Nyumba ya jirani, ndogo kuliko hii, imepangishwa kwa elfu moja kwa mwezi. Tuko wawili humu, kwa hiyo nusu yake ni ya Mama, na kwa kuwa nyumba ni yake inahesabiwa kwamba amejipa mwenyewe. Elfu sita kwa mwaka. Nikajumlisha. Mama elfu nane na mia tatu, mimi elfu saba na mia nne. Amenipita kwa dola mia tisa.

Nilimpigia Mwalimu Halvorsen nyumbani kwake, nikamsomea.

"Umeandika kwa penseli au kwa kalamu?"

"Kalamu. Kanipa Mama mwenyewe."

"Basi si mtegemezi wako, Bobbie. Wala si wa Dwight, kama hilo litakufariji."

"Na miaka mitano yote niliyomwandika?"

"Hiyo sijaisikia, na wewe hujaniambia."

Nikarudi mezani. Sioni haya kusema kwamba nilimbembeleza. "Mama, karatasi hii tunaweza kuichana. Tukasema unanitegemea mimi. Ni maneno tu. Bafu ni lako, wewe ndiye utakayeoga."

"Niseme nalishwa kama yatima ndani ya nyumba aliyoniachia mume wangu? Thubutu! Wakiniuliza nitawaambia ukweli."

"Kwa Dwight ulikubali."

"Dwight hakuniambia namtegemea. Aliniomba msaada, nikampa."

Nilimchukia. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: nilimtazama mama yangu na nywele zake za Ijumaa nikamchukia, yeye na mwanawe na jua la Phoenix. Kisha nikafungua kikokotoo, nikafuta jina lake, nikabonyeza. Dola ishirini na nne.

Fundi bomba nilimpigia siku iliyofuata, nikiwa nimesimama mlangoni mwa bafu. Akasema pole, nafasi yangu anampa mtu mwingine, nijaribu tena Julai. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti chake kando ya beseni, taulo mabegani, akisikiliza kila neno.

"Afadhali," akasema. "Bafu lenyewe kama la hospitali. Njoo, maji yanapoa."

Nikainama, nikapitisha mikono chini ya makwapa yake. Akanikumbatia shingoni kwa mikono yote miwili na kuniachia uzito wake wote, nami nikasikia kitu kinakatika mgongoni mwangu, chini kiunoni.

"Na umwambie huyo mwalimu wako," akaninong'oneza sikioni nilipokuwa nikimnyanyua, "mimi simtegemei mtu."