Begena Iliyochelewa Kufunguka

Siku ya kwanza Wubit hakuona jambo la kumtia shaka. Alibonyeza mradi wa nyimbo za begena, programu ya kurekodia ikaanza kuvuta faili zake, naye akaenda kumimina kahawa. Aliporudi, mstari wa kijani chini ya skrini ulikuwa haujafika hata nusu. Dakika nne. Wiki moja nyuma mradi huohuo ulikuwa unafunguka kabla hajakaa vizuri kitini.

Studio yao ilikuwa ghorofa ya tatu, mtaa wa Shiro Meda, juu ya duka la nguo za pamba. Mwenye studio ni Gashe Belachew, "Gashe" kwa heshima ya umri, mzee wa miaka sitini na kitu aliyeanza kazi hii enzi za kanda. Wubit alikuwa fundi wake wa sauti mwaka wa tisa sasa.

"Gashe, mradi wa Etye Yeshimebet unachelewa kufunguka."

"Hata wewe ukizeeka utachelewa kufunguka," alisema mzee bila kuinua macho kwenye simu yake. "Punguza plagini zako. Unazipaka sauti poda kama bibi harusi."

Wubit akacheka, akazipunguza. Viprogramu vyote vya kurembesha sauti akavizima, kimoja baada ya kingine, akabakiza sauti tupu: uzi na koo la mwanamke.

Etye Yeshimebet, "Etye" kwa heshima ya mama mtu mzima, alikuwa na miaka sabini na mmoja, na begena, kile kinubi kirefu cha nyuzi kumi, aliijua tangu utotoni. Hakuwahi kurekodi. Kwa miezi mitatu alipanda ngazi zile akisaidiwa na bintiye Fikirte, akaacha nyimbo kumi na nne. Siku tisa baada ya wimbo wa mwisho, kiharusi kikamwangusha jikoni kwake, kikachukua upande wote wa kushoto. Na begena hupigwa kwa mkono wa kushoto. Kwa hiyo kilichokuwa ndani ya kompyuta ile ndicho kilichobaki.

Fikirte alitaka kazi itoke kabla ya Fasika, yaani Pasaka. Kwaresima ilikuwa imeshaanza, na alipiga simu kila asubuhi.

"Dada Wubit, mama anauliza tumefika wapi."

"Mwambie tunakaribia."

Siku ya pili mradi ulichukua dakika saba. Wubit akagundua programu ilikuwa ikitafuta sauti fulani za ngoma kwenye diski ya zamani ambayo haikuwa imechomekwa, kama mtu anayebisha hodi nyumba iliyohamwa. Akairekebisha njia ya kutafutia faili. Dakika mbili! Siku hiyo alikula mchuzi wake wa shiro kwa raha, akamtania Gashe kwamba poda haikuwa na kosa.

Kesho yake, dakika tisa.

Akaanza kuandika muda nyuma ya daftari lake. Tisa. Kumi na moja. Umeme ukakatika mchana, uliporudi: kumi na tisa. Akafuta faili za muda, akasasisha programu, akaihifadhi kazi kwa jina jipya. Kila tiba ilifanya kazi mara moja tu, kisha ugonjwa ukarudi na nguvu zaidi. Na baada ya kila tiba aliufunga mradi na kuufungua tena, apime kama umepona. Mara nne kwa siku. Mara sita.

Siku ya kumi dakika zilikuwa arobaini na moja. Akaamua kufungua mradi mtupu na kuziingiza nyimbo moja moja. Wa kwanza mpaka wa tisa ziliingia kama wageni wanaoijua nyumba. Wa kumi ulikwama. Mshale wa kipanya ukaganda katikati ya skrini. Chini barabarani magari yalinyamaza kidogo, na katika utulivu ule Wubit akasikia kitu ambacho labda kilikuwepo siku zote, ila yeye alikuwa amevaa hedifoni.

Tik. Tik. Tik. Kisha mkwaruzo, kama mtu anayesaga meno usingizini.

Akapiga magoti, akaweka sikio kwenye ubavu wa kompyuta. Programu haikuwa na kosa lolote tangu mwanzo. Diski ndiyo ilikuwa inakufa, na kila alipoufungua mradi aone kama umepona, aliisukuma mbele hatua nyingine.

Akazima kila kitu hapohapo.

"Gashe. Nakala ya akiba iko wapi?"

"Kabatini, iko wapi tena."

Ilikuwepo kweli, diski ndogo yenye jina la Etye Yeshimebet juu yake kwa mwandiko wa Gashe. Wubit akaichomeka kwenye kompyuta ndogo. Ikafunguka kwa sekunde moja. Akapitia majina ya faili.

"Gashe, hii ina matangazo ya biskuti."

Mzee akaivua miwani, akaifuta kwa kona ya shati, na hakuivaa tena.

"Nilihitaji nafasi. Mteja alikuwa amekaa pale kwenye kochi, anatazama saa. Nikasema nyimbo zipo kwenye mashine, Jumatatu nitanunua diski nyingine."

"Jumatatu ipi?"

"Usiniulize Jumatatu ipi, mwanangu."

Asubuhi iliyofuata walikwenda soko la Merkato kwa Zerihun, kijana mmoja mkimya aliyeishi kwa kuokoa diski za watu. Aliisikiliza ile diski kwa sekunde mbili tu, akaichomoa.

"Mlikuwa mnaifungua ikiwa hivi?"

"Ndiyo."

"Mara ngapi?"

Wubit akampa daftari. Zerihun akaisoma safu ya namba kutoka juu mpaka chini, akalirudisha daftari.

"Sitaufungua mradi," alisema. "Nitanyonya kinachosomeka, faili kwa faili. Nikianza hatusimami, maana ikizimika huenda isiwake tena. Ombeni."

Kutwa nzima walikaa juu ya viti vya plastiki. Wimbo wa kwanza ukatoka. Wa tano. Wa tisa. Wa kumi, ule uliokwama jana, ulichukua saa mbili, ukatoka na makwaruzo ambayo Wubit alijua anaweza kuyasafisha. Wa kumi na moja ukatoka mzima. Gashe akajifanyia ishara ya msalaba. Wa kumi na mbili ulipofika robo, ile tik tik ikaongeza kasi, ikawa mlio mmoja mrefu, kisha kimya.

Zerihun akasubiri. Akajaribu tena, na tena. Mwisho akachukua bisibisi, akakivua kifuniko, akawaonyesha. Kwenye sahani ing'aayo kulikuwa na duara lililochunwa, na vumbi jembamba la kijivu pembeni yake.

"Sauti zenyewe ndilo hilo vumbi," alisema. "Hata mkiipeleka ng'ambo, hakuna mtu anayesoma vumbi."

Njiani Gashe alitembea polepole.

"Tutasema zile tatu hazikutoka vizuri. Mgonjwa haambiwi kila kitu."

"Alizisikia palepale studio, Gashe. Alilia mbele yako, ukampa leso."

"Basi nenda wewe."

"Tutakwenda wote."

Gashe alikwenda. Alibeba machungwa kwenye mfuko, akasimama mlangoni, hakukubali kiti.

Etye Yeshimebet alikuwa amelazwa kando ya dirisha, mdomo umepinda kidogo, macho makali kama zamani. Fikirte akamnyanyua kwa mito. Wubit akazicheza nyimbo zile moja baada ya nyingine, na chumba kikajaa ule mvumo wa begena unaofanana na nyuki ndani ya mzinga. Wa kumi na moja ulipokwisha, mama akaendelea kungoja.

"Bado tatu," akasema.

"Hazipo, Etye." Wubit alikuwa ameyapanga maneno njia nzima, na yote yakamkimbia. "Zimepotea. Diski ilikuwa inaharibika, ikanionyesha siku kumi, mimi nikadhani ni uzito wa programu. Nilikuwa naifungua kila siku. Kila nilipoifungua niliimaliza."

"Na nakala nilifuta mimi," Gashe akasema kutoka mlangoni. "Sio huyu. Mimi."

Fikirte akainuka. "Ulifuta? Kwa ajili ya nini?"

"Matangazo, mwanangu. Ya biskuti."

Etye akaushika mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, akauweka juu ya tumbo kama kitu cha mtu mwingine, akavitazama vidole.

"Ule wa kumi na mbili," alisema taratibu, kila neno likivutwa, "nilifundishwa na baba. Hakumfundisha mwingine. Na mimi sikumfundisha mtu." Kisha akageuza uso ukutani, na Fikirte akawaonyesha mlango.

Albamu ilitoka wiki ya mateso ikiwa na nyimbo kumi na moja. Redio zikaicheza, watu wakaisifu, na hakuna aliyejua kuna pengo. Gashe aliacha kabisa kumtania Wubit.

Mwezi mmoja baada ya Fasika, Fikirte alipiga simu.

"Asubuhi huwa anauvumisha puani ule wimbo wa kumi na mbili. Nikisogeza simu nirekodi, ananyamaza. Njoo ujaribu. Nimekuita kwa sababu sina mwingine wa kumwita."

Wubit akaenda, kinasa sauti kikiwa ndani ya mkoba. Etye aliutazama mkoba mpaka Wubit akautoa nje ya chumba. Wakanywa kahawa kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu. Ndipo yule mama akaanza kuvumisha, chini kwa chini, akikatika pumzi, akirudia. Wubit hakuthubutu kujikuna. Alipotoka aliubeba wimbo mdomoni kama maji, akitembea huku akiuvumisha, watu wakimtazama. Lori likapiga honi karibu naye. Alipofika studio alikuwa na mwanzo tu. Akaurekodi kwa sauti yake mwenyewe: sekunde arobaini.

Alhamisi iliyofuata alirudi kutafuta sehemu ya pili. Alipokata kona akaliona hema la msiba limesimamishwa uani kwa Etye, na wanawake waliovaa mitandio myeupe wakiingia wawili wawili.