Nyuki wa Mheshimiwa Elieth

Jumanne ya kura, Mheshimiwa Elieth Lugembe alikunywa chai ya maziwa katika mgahawa wa Bunge mjini Dodoma, akala chapati moja, ya pili akaifunga kwenye karatasi na kuitia mkobani. Alikuwa amefundisha shule ya msingi miaka ishirini na miwili kabla ya kuwa mbunge, na hakuwahi kuacha tabia ya kuweka akiba ya chakula. Kengele ilipolia aliingia ukumbini, akaketi karibu na Mheshimiwa Sabiri Shomari, mbunge wa jimbo jirani.

Muswada ulikuwa mmoja. Ulitoa msitu wa Itundwa, kusini mwa Tabora, kwa kampuni ya mashamba makubwa, pamoja na vijiji vinne vilivyokuwa ndani yake. Chama kilikuwa kimeshaamua. Mnadhimu wake alikuwa amewapitia wabunge mmoja mmoja, akiwakumbusha kwamba mbunge hana mdomo wake. Mdomo ni wa chama, yeye ameazimwa tu.

Asubuhi hiyo mumewe Elieth, Gerson, alikuwa amempigia simu. Gerson alikuwa mrina asali, na mizinga yake yote ya magome ilining'inia katika msitu huohuo.

"Sema ndiyo," alimwambia. "Mizinga nitaihamisha."

"Na watu wa Itundwa utawahamishia wapi?"

Gerson akasema salio linakwisha.

Katibu alisoma majina, na kila aliyetajwa alisema ndiyo. Lilipofika jina la Elieth, alisimama, akashusha gauni lake, akasema, "Siyo." Hakupaza sauti. Alilisema kama mwalimu anayemwonyesha mtoto hesabu aliyoikosea. Sabiri naye, labda kwa kukaa karibu naye mno, alisema siyo. Waliobaki wote walisema ndiyo, na muswada ukapita kabla ya chakula cha mchana.

Jumatano nyumba ya Sabiri iliteketezwa. Alhamisi alifikishwa mbele ya kamati ya maadili ya chama, akapiga magoti, akaomba radhi, akasamehewa. Alipotoka nje vijana walimvunja vidole viwili vya mkono wa kulia hata hivyo, kwa sababu amri ilikuwa imeshatolewa na hakuna aliyejua namna ya kuifuta. Ijumaa alirudi bungeni na bandeji, akachangia hoja ya maji.

Elieth hakwenda kwenye kamati. Dereva aliyepewa na chama alikuwa ameondoka na gari, kwa hiyo alipanda treni kurudi nyumbani. Treni iliposimama Tura, akina mama wauza uyoga na asali walizunguka madirisha kama kawaida. Mmoja alimtambua.

"Dada, vijana wa chama wamepita na lori tangu asubuhi," alisema, huku akimpimia mwingine uyoga. "Wana mapanga mapya, bado yana karatasi za dukani. Shuka hapa."

"Nikishuka hapa, watakuja hapa," Elieth alisema.

Mama yule aliona ni kweli. Akamtakia safari njema.

Nyumba ya Elieth na Gerson ilikuwa Kwihara, kando ya njia ya zamani ya misafara, ambako mvua ikinyesha sana ardhi hutoa shanga na vipande vya minyororo. Elieth alifika saa tisa, akawapa mbuzi maji. Saa kumi wanaume sita waliingia uani. Aliyewatangulia alikuwa Fikiri Ngollo, katibu wa vijana wa chama katika kata. Elieth alimfundisha kusoma darasa la kwanza.

"Shikamoo, Mwalimu," Fikiri alisema.

"Marahaba. Mnataka nini na mapanga yote hayo?"

"Tumetumwa."

"Na nani?"

"Mwalimu, si unajua." Fikiri aliangalia chini. "Ungesema ndiyo tu. Neno dogo."

"Hata siyo ni dogo."

Wakaanza. Wa kwanza alimpiga rungu kwenye mkono wa kulia, na mfupa ukavunjika kwa mlio uliowafanya mbuzi wageuke kutazama. Wa pili alimpiga mgongoni kwa ubapa wa panga. Alipoanguka walimkanyaga, wakimtaka aseme ndiyo, na yeye mdomo wake ulikuwa umejaa damu hata asingeweza kusema lolote. Fikiri alipiga mara moja tu, lakini panga lake liliingia kwenye bega la kushoto, likashuka, likafika kwenye mbavu. Baadaye walivunja madirisha, wakachinja mbuzi wawili. Walipokuwa wakitoka, mmoja alirudi kufunga lango ili mbuzi waliobaki wasitoroke.

Gerson alimkuta amelala juu ya ubavu wa kulia, akipumua. Alimfunga kwa shuka, akamtia kwenye bajaji. Walipita kwanza polisi, kwa kuwa hospitali haimpokei mtu aliyekatwa mapanga bila fomu ya polisi.

"Waliokushambulia ni akina nani?" polisi aliuliza.

"Fikiri Ngollo na wenzake watano."

Polisi aliandika: watu wasio julikana. Akamwinulia fomu usoni asome. Elieth aliisoma, akasema kwamba "wasiojulikana" ni neno moja. Polisi alimshukuru, akasahihisha.

Hospitalini alishonwa nyuzi sitini na moja. Jumatatu iliyofuata kampuni ilianza kuchoma msitu wa Itundwa, na hata mjini watu walianua nguo kambani kwa sababu ya majivu. Jumanne saa tisa alasiri, kundi la nyuki liliingia kwa dirisha la wodi. Walikizunguka kitanda cha Elieth mara moja, wakatua kwenye bandeji, wakapenya chini yake mmoja mmoja, bila haraka, mpaka wa mwisho.

Muuguzi wa zamu, Levina, aliwauliza wagonjwa wengine kama kuna anayedhurika na sumu ya nyuki. Mmoja akainua mkono, akahamishiwa kitanda cha mbali. Kisha Levina aliandika kwenye faili: Saa tisa, nyuki. Daktari alipopita alisema kulifunga jeraha lote kutawakosesha hewa, akafungua nyuzi nne na kuacha upenyo wa vidole viwili.

Gerson alipofika aliweka sikio kwenye ubavu wa mkewe.

"Hawa ni wa mzinga wa bondeni," alisema. "Wakali."

"Wakigeuka wananiuma."

"Watazoea."

Aliinua kichwa. "Nilikwambia useme ndiyo," alisema.

"Ulisema."

"Ungenisikiliza, nyuki hawa wangekufa motoni." Akalia kidogo, akijifuta kwa kofia, kisha akaenda kutafuta magome makavu ya kufukizia moshi.

Elieth aliporuhusiwa kutoka, barua ya kumfukuza chama ilikuwa imeshafika nyumbani, na kwa kuwa mbunge asiye na chama si mbunge, kiti chake kilikuwa kimeshatangazwa kuwa wazi. Alirudia kazi za nyumbani kwa mkono mmoja. Mkono uliovunjika ulipona ukiwa umepinda. Kwenye ubavu wa kushoto masega yalijijenga kati ya mbavu, na joto lake lilimfanya asihitaji blanketi hata mwezi wa saba.

Walirina kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitatu. Elieth alilala sebuleni juu ya mkeka, akauma pindo la kanga. Gerson alipuliza moshi kwenye upenyo, akaingiza vidole, kisha kisu kidogo. Sega la kwanza lilikuwa limeshikana na nyama, na lilipotoka lilitoka na damu, na Elieth akapiga kelele iliyosikika mpaka barabarani. Wapita njia waliendelea na safari zao. Walijua ni siku ya kurina. Gerson aliichuja asali mara mbili kwa kitambaa cheupe. Ilikuwa na ladha ya maua ya miti ambayo haikuwapo tena.

Watu walikuja kuinunua, wakiwemo viongozi wa chama wa wilaya, waliosema inafaa kwa kifua. Siku moja akaja Fikiri, na chupa mkononi.

"Mwanangu anakohoa, Mwalimu."

"Ana umri gani?"

"Miezi minane."

"Mtoto ambaye hajatimiza mwaka hapewi asali. Mpeleke zahanati."

Fikiri aliishika chupa yake tupu kwa mikono miwili. Aliwatazama nyuki wakitoka na kuingia kwenye shingo ya gauni la Elieth.

"Ulishanisamehe?" aliuliza.

"Hukuniomba."

Fikiri aliitia chupa mfukoni. Kisha akasema ana kikao, akaaga kwa adabu, akaondoka.

Kabla ya mvua za kwanza, watu walitolewa katika vijiji vya Itundwa. Askari wa kampuni walifika na magari ya kazi, wakachoma nyumba moja baada ya nyingine, na aliyesimama mlangoni alipigwa mpaka akaacha kusimama. Katarina, mjane aliyekataa kuliacha kaburi la mumewe, alipigwa risasi pajani. Ambrosi, mzee wa kanisa la Moraviani, alipasuliwa kichwa kwa kitako cha bunduki. Siku nne baadaye paja la Katarina lilipata nyuki. Ambrosi walimwingia juu ya sikio, na akalalamika tu kwamba wanapovuma hasikii vizuri nyimbo. Kufikia Desemba watu wenye nyuki walikuwa kumi na saba. Levina aliwatengea siku yao, Alhamisi, na Gerson aliwazungukia kwa baiskeli, kwa sababu madaktari hawakujua kurina.

Mwezi wa pili, Elieth alikuwa amelala kwenye mkeka, Gerson ameshika magome ya moshi, redio ikirusha Bunge moja kwa moja. Waziri alikuwa akijibu swali. Alisema yapo maneno ya mitaani kwamba kufyekwa kwa Itundwa kumewaumiza wananchi. Takwimu, alisema, zinaonyesha uzalishaji wa asali katika eneo hilo haujashuka hata kidogo. Wabunge walipiga meza. Kisha ukasomwa muswada mwingine, wa misitu iliyo kando ya reli.

"Nizime?" Gerson aliuliza.

"Acha. Nataka kusikia majina."

Katibu alisoma majina. Ilichukua saa nzima, na muda wote huo kisu kilikuwa kikifanya kazi taratibu chini ya bega. Mbunge mpya wa jimbo lake alisema ndiyo. Sabiri Shomari alisema ndiyo, kwa sauti kubwa kuliko wote. Elieth alingoja mpaka jina la mwisho, akatoa kanga mdomoni.

"Hakuna hata mmoja," alisema.

"Nimesikia."

Kesho yake asubuhi malori matatu yaliyojaa vijana wanaoimba yalipita njia ya mjini, yakielekea mashariki, upande wa Tura. Elieth alikaa kibarazani na kuanza kuchana shuka la zamani kuwa vitambaa vya kufungia majeraha, akilishikilia kwa meno upande mmoja. Gerson alifunga ndoo mbili tupu nyuma ya baiskeli, akaenda stesheni kuuliza treni ya Tura inaondoka siku gani.