Jina la Mwenye Shamba

Kabla ya saa mbili asubuhi watu walikuwa wamekwisha kupanga foleni mbele ya ofisi ya ajira ya wilaya, na pumzi zao zilipanda nyeupe kwenye baridi. Zuura alikuwa wa kumi na moja. Mkononi alikuwa amemshika mama mkwe wake, bibi Kalipa, ambaye hakuna mtu aliyemwambia aje.

"Ungebaki na jiko lako nyumbani, mama," Zuura alimwambia, kwa mara ya nne tangu watoke.

"Jiko halijui kuongea. Halafu wewe ukiachwa peke yako unasema ndiyo kwa kila mtu. Nimekuja kukusaidia kusema hapana."

Mwanamke aliyekuwa mbele yao akageuka, akamwona bibi anavyobadilisha miguu kwenye theluji, akasogea pembeni. "Piteni mbele yangu. Mimi miguu yangu bado mipya." Wa mbele yake naye akasogea. Hivyo hivyo, kimyakimya, wakajikuta wa tatu. Mzee Esen, mlinzi wa mlangoni, akafungua mlango kidogo kabla ya wakati wake.

"Bibi huyu anaingia kukaa karibu na jiko," alitangaza. "Hayumo kwenye foleni, msije mkanila nyama. Nanyi wengine vumilieni. Kuandikwa kwamba huna kazi, hiyo nayo ni kazi."

Watu wakacheka, na baridi ikapungua kidogo.

Zuura alikuwa amechambua sufu ya kondoo miaka kumi na tisa katika karakana ya mablanketi. Majira ya kupukutika majani karakana ilifungwa. Mumewe, Kubanych, alikuwa amekufa miaka sita nyuma, na binti yao alikuwa masomoni mji mkuu. Nyumbani wakabaki wawili, mtu na mama mkwe wake, pamoja na mbwa mzee asiyebweka tena ila kwa heshima.

Dada yake Zuura, Gulsun, alikuwa Moscow akiosha vyombo katika mgahawa. Alikuwa amemtafutia nafasi na kitanda katika chumba cha wanawake sita. "Nijibu leo," alikuwa amemwandikia kwenye simu. "Bosi hangoji. Yule mama atapata watu wa kumwangalia." Zuura aliwajua hao watu. Walikuwa majirani wema wenye wazee wao wenyewe.

Lakini kulikuwa na njia nyingine. Mtu aliyeandikishwa na ofisi ya ajira kuwa hana kazi alipata posho, ndogo lakini ya kila mwezi, na aliweza kuingia kozi ya miezi mitatu ya kuoka mikate. Shule mpya ya bweni ilikuwa imeahidi kuwaajiri watakaofaulu. Orodha ya kozi ilikuwa inafungwa leo saa sita mchana. Jina la Zuura likiingia, atabaki. Lisipoingia, atakwenda Moscow. Bibi Kalipa alilijua hilo ingawa hawakuwahi kulizungumza, na ndiyo maana alikataa kubaki na jiko.

Kilichomkwamisha Zuura kilikuwa shamba.

Lilikuwa kipande cha ardhi mlimani, mawe mengi na nyasi kidogo, walichogawiwa siku zile mashamba ya ushirika yalipovunjwa. Sheria ilisema mwenye shamba ni mkulima, na mkulima ana kazi. Kwenye daftari la kijiji shamba lilikuwa chini ya nyumba yao, na katika nyumba yao mwenye nguvu za kushika jembe alikuwa Zuura. Ilibidi aandike maelezo, kwa mkono wake mwenyewe, kwamba shamba lile lilikuwa la baba mkwe wake, marehemu, na sasa ni la mjane wake. Ataje jina kamili. Shahidi atie sahihi chini.

Wiki mbili zilizopita Zuura alikwisha kuandika. Aliandika vizuri, kwa mwandiko wa shule, kwamba mwenye shamba ni Baba wa Darajani. Karatasi ilikwenda mkoani, ikarudi imegongwa muhuri: mtu huyo hayumo katika daftari.

Baba wa Darajani ndilo jina ambalo Zuura alimwita baba mkwe wake tangu siku alipoolewa. Mkaza mwana halitaji jina la baba mkwe. Halitaji mbele yake wala nyuma yake, wala akishazikwa. Anamtafutia jina jingine la heshima, na mzee huyu ndiye aliyelijenga daraja la miguu la kijiji na kulitunza maisha yake yote. Hata siku ya Alhamisi Zuura hakuitaja, kwa kuwa mzee alizaliwa siku hiyo, na katika lugha yao jina lake lilitokana nayo. Aliiita siku ya kabla ya Ijumaa, na kijiji kizima kilimwelewa.

Leo ilikuwa siku ya kabla ya Ijumaa.

Katika dirisha la pili aliketi Nurzat, msichana aliyefunga kitambaa kisogoni kama wanavyofunga walioolewa juzi. Alimtambua Zuura mara moja, akavuta faili lake kabla hajaombwa.

"Karibu, dada Zuura. Leo tutamaliza. Yote yako tayari, imebaki ile karatasi moja tu." Akamsogezea karatasi nyeupe, na pembeni yake akaweka nyingine yenye maneno machache. "Nimepiga simu ofisi ya kijiji, wakanitajia jina kamili. Hili hapa. Wewe nakili tu."

Zuura aliliona jina. Alikuwa amewahi kuliona, kwenye cheti cha ndoa na kwenye jiwe la kaburi, na kila mara alishusha macho kama mtu aliyemkuta mkubwa wake akivaa. Akatoa kalamu yake. Haikuandika. Wino ulikuwa umeganda njiani.

"Lete," alisema Nurzat. Akaifumbata kalamu katikati ya viganja vyake, akaipulizia kama anayeamsha moto, akairudisha ikiwa na joto la mikono yake.

Zuura akaandika: *Mimi, Zuura, naeleza kwamba shamba lililoandikwa chini ya nyumba yetu lilikuwa la baba mkwe wangu,* halafu mkono ukasimama.

Alimkumbuka mzee, wakati yeye mwenyewe ana miaka ishirini, mgeni katika nyumba ile, akioka mkate wake wa kwanza na kuuacha ukaungua upande mmoja. Alikuwa amesimama pale akitaka ardhi immeze. Mzee alikohoa mlangoni kwanza, kama alivyokohoa kila siku mpaka alipokufa, ili mkaza mwana apate nafasi ya kujifunika kichwa. Kisha akaingia, akakata upande ulioungua, akala. "Huu ndio upande ninaoupenda," alisema. Tangu siku hiyo, kila mkate ulipoungua, aliuomba yeye. Zuura alikuja kujua baadaye sana kwamba mzee hakuwa na meno ya kutafunia kitu kigumu.

Mtu wa namna hiyo, utamchukuliaje jina lake uliweke kwenye karatasi ya serikali kama namba ya nyumba?

"Dada," Nurzat aliita taratibu. "Umekwama?"

"Siwezi, mwanangu."

Nurzat akatazama kushoto na kulia, akashusha sauti. "Mimi mwenyewe baba mkwe wangu namwita Mzee wa Trekta. Juzi nilitakiwa nijaze fomu ya hospitali yake, nikatoka jasho. Ningekuandikia mimi, lakini mkoani wanalinganisha mwandiko. Wakigundua, wataturudisha nyumbani sote wawili, na mimi nitakuja kupanga foleni nyuma yako."

"Usithubutu. Ndoa changa, kazi changa." Zuura akaiweka kalamu chini. "Basi. Nimejaribu. Nitakwenda kwa dada yangu."

"Mpaka saa sita bado muda," alisema Nurzat. "Faili lako silifungi. Litakaa hapa juu."

Zuura akatoka kwenye dirisha. Bibi Kalipa alikuwa ameketi kando ya jiko, amefungua chupa ya chai, na mzee Esen anakula borsok za Zuura, vile vikate vidogo vya kukaanga, kwa uso wa mtu aliyelazimishwa.

"Mama, twende nyumbani."

"Wamekuandika?"

"Hapana."

"Kwa nini? Mimi nilikuja kusema hapana, si wao."

Zuura akaketi karibu naye. Alisema akiitazama sakafu. "Wanataka niandike jina lake. La Baba wa Darajani. Kwa mkono wangu. Mkono umekataa, mama."

Bibi Kalipa alifunga chupa ya chai, akahakikisha imefungika, akaifuta.

"Nani alikufundisha usilitaje?"

"Wewe. Siku ile uliponifunga kitambaa cheupe."

"Na mimi nilifundishwa na mama yake, na sikulitaja vilevile. Miaka hamsini na minane nimemwita 'wewe' na 'baba yao'. Alikuwa mtundu yule. Anakwenda mbali malishoni, anajua chakula kinapoa, anajua siwezi kumwita kwa jina. Anasimama makusudi anitazame nitafanyaje. Unajua nilifanyaje?"

"Ulifanyaje?"

"Nilimtuma mbwa."

Mzee Esen akapaliwa na borsok. Zuura alicheka huku machozi yanamtoka, na bibi akamwacha acheke mpaka mwisho. Kisha akamshika bega, akalitumia kuinukia.

"Nishike. Twende dirishani."

"Mama, si lazima."

"Nimekwambia nishike."

Mtu aliyekuwa dirishani, mwanamume wa makamo mwenye kofia ya manyoya, alipomwona bibi anakuja alikusanya karatasi zake bila kuulizwa. Bibi akaketi katika kiti chake. Aliweka mikono miwili mezani, mikono iliyokamua maziwa miaka sitini.

"Binti, habari za kazi?"

"Njema, bibi. Habari za nyumbani?"

"Nyumbani kuna mbwa, hajambo. Sasa nisikilize. Huyu si mkulima. Huyu ni mkwe wangu. Shamba ni la mume wangu, na aliponiachia mimi, aliniachia mawe. Mpe karatasi yake."

Nurzat akampa Zuura karatasi na kalamu. Alikuwa ameishika muda wote ule, na bado ilikuwa na joto.

"Mwanangu," bibi alimgeukia Zuura, "mimi ndiye niliyekufunga kitambaa, na mimi ndiye ninayekufungulia leo, kwa karatasi hii moja. Hutalitaja wewe. Nitalitaja mimi. Wewe utakuwa mkono wangu, kwa kuwa wangu haujui kuandika zaidi ya herufi tatu. Mtu akiuliza Akhera nani alianza, nitasema ni mimi, na yeye mwenyewe atacheka, kwa sababu amelingojea sana."

Akavuta pumzi. Zuura aliona midomo yake ikijaribu kwanza bila sauti, kama mtoto anayejifunza kusoma. Chumba kilikuwa na watu wengi lakini kikatulia. Wanawake waliokuwa karibu walikuwa wameelewa. Mlangoni mzee Esen alivua kofia.

"Beishenaly," alisema bibi Kalipa.

Sauti yake ilitoka changa kuliko yeye. Alikaa kidogo, akisikiliza kama kuna lolote litakalotokea. Jiko lililia chechechee. Dari haikuanguka.

"Beishenaly," akarudia, safari hii kwa nguvu. "Mwana wa Sooronbay. Umeandika?"

"Naandika, mama."

Aliandika polepole, kwa mwandiko wake mzuri kuliko yote, kila herufi imekaa sawa, kama anavyotandika mtu godoro la mgeni. Alipomaliza alifunika jina kwa kiganja mpaka wino ukauke, si kulificha, bali kulikinga. Bibi akatia sahihi yake ya herufi tatu. Nurzat akasoma, akagonga muhuri mara mbili, kisha akafungua orodha ya kozi, akaandika jina la Zuura katika mstari wa mwisho uliobaki wazi. Mstari ule alikuwa ameuwekea alama ndogo ya penseli tangu asubuhi. Akaifuta kwa kidole, lakini Zuura aliiona.

"Posho itaanza mwezi ujao, dada. Kozi inaanza wiki ijayo, siku..." Nurzat akajiuma mdomo, akatabasamu. "Siku ya kabla ya Ijumaa. Uje na aproni."

Nje jua lilikuwa limetoka, na theluji inauma macho. Zuura alimwandikia Gulsun maneno matatu: "Nabaki nyumbani, dada." Jibu lilikuja kabla hawajafika mwisho wa barabara. "Nilijua tu. Basi uniokee mkate nikija." Akamsomea bibi.

"Mwambie upande ulioungua una mwenyewe," alisema bibi.

Walitembea taratibu mpaka mtoni, kwenye daraja la miguu. Mbao zilikuwa na barafu, na kamba ya kushikia ilikuwa bado ile aliyoifunga mzee kwa mafundo yake. Walipofika katikati bibi Kalipa akasimama.

"Tangulia kidogo."

Zuura akatangulia hatua chache, akainama, akajifanya anafunga vizuri kifuniko cha chupa ya chai, ambacho kilikuwa kimefungwa vizuri. Nyuma yake alisikia sauti ikiita juu ya maji, si ya kilio, bali ya mwanamke anayemwita mumewe chai isipoe.

"Beishenaly! Mkwe wetu anabaki!"

Maji yalipita. Kule nyumbani, ng'ambo ya mto, mbwa mzee akabweka mara moja.